Kipaji cha Unene

Kiti cha plastiki kilisalimu amri kabla mtafiti hajamaliza kusema "karibuni." Miguu yake minne ilitawanyika kama ya mbuzi aliyeteleza kwenye sakafu yenye maji, na Godoro akajikuta ameketi chini, mikono bado iko magotini, uso umetulia kama wa mtu ambaye mkasa huu si mgeni kwake. Ukumbi mzima wa hospitali uligeuka kutazama. Kisha mwanamume mmoja mwembamba, aliyevaa suti ya michezo na filimbi shingoni, akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

Huyo mwembamba alikuwa mdogo wake, baba mmoja mama mmoja. Alifundisha mazoezi ya viungo shuleni, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Godoro mwenyewe alikuwa fundi wa makochi, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu alipojilaza kwenye kochi kulijaribu, ilikuwa vigumu kujua sponji inaishia wapi na fundi anaanzia wapi.

"Fundi wa viti kaangushwa na kiti!" Mwalimu alisema akijifuta machozi. "Kaka, huu ni uhaini."

"Kiti kibovu hiki," Godoro alijibu kutoka sakafuni. "Plastiki za siku hizi ni karatasi tupu. Mngeniambia mapema ningekuja na changu."

Mtafiti, binti mmoja mpole aliyevaa koti jeupe lililomzidi mabega, aliagiza benchi la mbao. Ndugu wawili wakaketi, benchi likalia kidogo upande wa Godoro, likanyamaza. Binti akaanza kuwaeleza walichoitiwa. Marehemu baba yao alikufa kwa saratani ya utumbo mpana. Hospitali ilikuwa inatafuta ndugu wa damu kutoka familia zilizoguswa na ugonjwa huo, na ilipendeza zaidi kama mmoja alikuwa mnene na mwingine mwembamba.

"Mmepata," Mwalimu alisema.

"Imeonekana kwamba watu wanene huugua saratani hii zaidi kuliko wembamba," binti aliendelea. "Lakini kuona tu hakutoshi. Huenda si unene. Huenda ni sigara, huenda ni pombe, huenda ni kukaa kutwa nzima, huenda ni chakula. Mambo yamesokotana kama nywele ambazo hazijachanwa. Sasa tutajuaje lipi ni lipi?"

"Mngemuuliza mke wangu," Godoro alisema. "Yeye anajua tayari."

Binti alitabasamu. "Ndiyo maana tunatumia vinasaba, yale maagizo ya mwili ambayo mtu huyarithi kwa baba na mama. Yapo yanayomvuta mtu kunenepa. Mtoto hachagui. Anachotewa akiwa bado tumboni mwa mama yake. Chungu ni kimoja, lakini mmoja anapata upawa huu na mwingine upawa ule. Ni bahati nasibu, na bahati nasibu haijui kama kesho utavuta sigara au utakuwa mlevi. Basi tukiwakusanya watu maelfu kwa maelfu, tukakuta waliochotewa unene tangu kuzaliwa wanaugua kuliko ndugu zao, tutajua unene wenyewe una mkono wake hapo."

Godoro alikuwa amesogea mbele mpaka ukingoni mwa benchi. Katika maneno yote yale, aliyoyasikia yalikuwa machache, lakini yalimwingia kama maji ya baridi kwa mwenye kiu.

"Samahani, binti yangu. Rudia hapo pa kuchotewa."

"Kwamba mtoto hachagui?"

"Hapo hapo." Alimgeukia mdogo wake. "Umesikia? Nimechotewa."

"Nimesikia," Mwalimu akasema. "Sasa mwulize hiyo sahani ya pili kila jioni huwa anakuchotea nani."

Wakatolewa damu, wakatemea mate kwenye vichupa. Godoro akauliza majibu yatatoka lini, na kama yatakuja na cheti chenye mhuri. Alikuwa ameshaona ukutani kwake mahali pa kukitundika. Binti akamwambia kwa upole kwamba majibu ya vinasaba hapewi mtu mmoja mmoja. Yanachanganywa na ya wengine wote.

"Hata kikaratasi?"

"Hata kikaratasi. Lakini kwa kuwa baba yenu alifariki kwa ugonjwa huu, nyote wawili mtachunguzwa utumbo kwa kamera, bila malipo."

"Kamera," Godoro alisema. "Inapigwa kupitia wapi?"

Binti akawaambia. Hakuzunguka wala hakupamba. Ndugu wawili walitazamana, na Mwalimu, aliyecheka asubuhi nzima, akafunga zipu ya suti yake mpaka kidevuni.

*

Kabla ya jua kuzama, habari ilikuwa imeenea kutoka karakana mpaka kwa muuza vocha. Godoro aliitangaza kwa kila aliyepita, nyundo mkononi na misumari mdomoni: hospitali kubwa imempima na imethibitisha kwamba unene wake si ulafi, ni kipaji.

"Kipaji gani?" mkewe aliuliza jioni, akipakua wali. Yeye alikuwa msusi, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kupitisha siku bila kumpa mumewe jina jipya.

"Kipaji cha kuzaliwa. Kuna mtu anazaliwa na sauti. Mimi nimezaliwa na hili." Akalipapasa tumbo lake kama mtu anayemtuliza punda. "Kwa hiyo mke wangu, toka leo matusi basi. Unapingana na sayansi."

"Haya, mwenye kipaji," mkewe akasema. "Pipa la serikali wewe. Sogeza sahani."

Mama yao, aliyeishi nao tangu afiwe, alikuwa ameketi kwenye kochi la pembeni akichambua maharage. Alikuwa kikongwe mkavu kama kijiti, na maneno yake hayakuwa na sukari.

"Huyu hakuchotewa," alisema. "Huyu alipewa chungu chote. Ni baba yake mtupu. Mwendo wa baba yake, mkoromo wa baba yake, tumbo la baba yake." Kisha akamtazama Mwalimu aliyekuwa anakula amesimama, kwa sababu aliamini kuketi kunaua. "Mungu alinionea huruma kwa huyu. Angalau mmoja atanizika."

Maneno hayo alikuwa akiyasema tangu arobaini ya mumewe, na kila mmoja alikwisha kuyazoea. Godoro alicheka. Lakini aliacha wali kidogo kwenye sahani, jambo ambalo mkewe aliliona.

*

Siku ya kabla ya kamera, mtu hali chochote. Anakunywa maji, chai kavu, na haluli ya kusafisha utumbo: lita kadhaa za maji ya chumvichumvi yenye ladha ya limau lililofia gerezani. Mwalimu alipaswa kuinywea kwake. Lakini bomba la kwake lilikuwa limekatika na mkewe amesafiri, na mama akaamuru wakanywee pamoja ili asiwe na wagonjwa sehemu mbili.

"Nyumba ina choo kimoja, mama," mke wa Godoro alimkumbusha.

"Nimewazaa wawili, sikuwazaa kumi. Watapeana zamu."

Wakanywa. Mwalimu alikunywa amesimama wima, akihesabu mafunda kama anayepima mbio. Godoro alikunywa akinung'unika kwamba chumvi imezidi. Kisha wakangoja, na kwa muda mrefu hakukuwa na lolote. Godoro akaanza kuidharau dawa. Alisema mwili kama wake unahitaji dozi ya ng'ombe, akaenda zake karakana, ambayo ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, kumalizia kochi la watu watatu.

Mwenye kochi akaja wakati huo huo. Alikuwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, mwanamke wa mapete na manukato, ambaye hakuwahi kununua kitu bila kukitafutia kasoro. Akalizunguka kochi. Akavuta mshono, akabonyeza mto, akanusa kitambaa.

"Kaa," akamwambia.

"Mimi?"

"Wewe. Wageni wangu wengine ni wakubwa kama wewe. Kaa nione kama litahimili."

Godoro akaketi. Kochi lilimpokea kwa heshima zote. Yeye ndiye hakuwa sawa. Kutoka chini kabisa ya tumbo lake ulianza mngurumo, wa polepole mwanzoni, kama lori linalopanda mlima, ukazidi, ukapinda kona, ukaishia kwa mlio mwembamba wa mluzi.

Mteja akakunja uso. "Ni springi hiyo?"

"Springi mpya," Godoro alisema, jasho likimtoka kwenye paji la uso. "Zinajipanga."

"Zinajipanga mpaka lini? Mimi sitaki kochi linalonguruma. Hebu jirushe kidogo."

"Mama yangu, nakuomba, usiniambie nijirushe."

"Fundi anayeogopa kazi yake mwenyewe! Jirushe nione!"

Godoro hakujirusha. Aliinuka. Mashahidi walisimulia baadaye kwamba hawakuwahi kuona mwili mkubwa kiasi kile ukipata mwendo kwa haraka kiasi kile. Alipita sebuleni, akaruka beseni la maharage la mama yake, akaufikia mlango wa choo. Ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Mwalimu!"

"Nipo!"

"Toka!"

"Kaka, niko katikati ya jambo!"

"Hata mimi niko katikati! Toka, mimi ni mkubwa wako!"

"Humu ndani hakuna mkubwa wala mdogo!"

Mama alipiga kelele kutoka sebuleni kwamba wapeane zamu kama alivyoagiza. Mkewe Godoro alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko. Godoro alipiga mahesabu, akageuka, akatoka nje mbio kuelekea kwa jirani mshona viatu, mkono mmoja umeshika suruali na mwingine ukipunga kuwaondoa watoto njiani. Mwalimu alichungulia kwenye kidirisha cha choo, akamwona kaka yake akikata kona.

"Inua magoti!" alipaza sauti, kwa mazoea ya kazi. "Kifua mbele! Vizuri kabisa!"

Mteja, aliyeelewa sasa kwamba mngurumo haukuwa wa springi, alilichukua kochi lake. Alisema fundi anayekimbia vile hawezi kuwa na kitu cha kuficha.

*

Kesho yake walilazwa kwenye vitanda viwili vilivyopakana, wamevaa mashuka ya hospitali yaliyofunguka nyuma. La Godoro lilikuwa limeunganishwa na jingine kwa pini. Alichomwa sindano ya usingizi mwepesi, na alipozinduka alikuwa na njaa isiyo na mfano, na daktari wa kamera alikuwa amesimama miguuni pake. Alikuwa mzee mwenye kipara na sauti ya mtu aliyeyaona mengi kutoka upande ambao wengi hawauoni.

"Wewe ni safi," daktari alimwambia. "Utumbo kama bomba jipya. Uzito lazima upungue, hilo nitakuambia kila tukionana. Lakini leo sina la zaidi."

Godoro alifumba macho. Ghafla aliijua hofu aliyokuwa nayo, kwa jinsi ilivyokuwa inatoka. Kisha hofu ilipokwisha toka, furaha nyingine ikaingia, ndogo na ya kishetani. Alianza kuitunga hotuba yake. Angeitoa mezani, mbele ya wote. Angeanza na miaka yote ya "kaka ruka kamba," "kaka acha mkate," "kaka unajichimbia kaburi kwa kijiko." Angemalizia na bomba jipya.

Daktari akahamia kitanda cha pili.

"Mwalimu, kwako tumekuta vinyama viwili. Kimoja kidogo. Kingine kikubwa, kama kichwa cha kidole hiki. Tumevikata vyote na kuvipeleka maabara. Vinyama vya aina hii vikiachwa miaka, baadhi yake hugeuka saratani. Rudi baada ya wiki mbili tuone kile kikubwa kilikuwa kimefika wapi."

Mwalimu alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. "Daktari, umechanganya. Mimi ni yule mwembamba."

"Nimeona."

"Nakimbia kila asubuhi. Sivuti, sinywi. Mkate mweupe mara ya mwisho nimeula harusini kwangu."

"Na hayo yote yamekusaidia, endelea nayo," daktari alisema. "Unene unaongeza hatari. Wembamba unaipunguza. Lakini kupunguza si kufuta. Mna baba mmoja, na kila mmoja wenu alirithi vyake kutoka kwake. Kamera yangu haipimi mshipi wa suruali."

Alipoondoka, Mwalimu alijivuta akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kuvaa viatu. Akashika kamba za kiatu cha kushoto. Zikamponyoka. Akazishika tena, zikamponyoka tena.

"Mimi nilidhani nikikimbia, la baba halitanifikia," alisema. Hakumwambia mtu; aliziambia kamba.

Godoro alikuwa amekwisha fungua mdomo. Hotuba ilikuwa tayari, imejipanga, neno kwa neno. Akaimeza, akashuka kitandani, akapiga magoti sakafuni kwa taratibu na kwa tabu, shuka likiwa wazi nyuma mbele ya wagonjwa wa upande wa pili. Akamfunga mdogo wake kamba za viatu, cha kushoto kisha cha kulia, fundo la mafundi lisilofunguka.

"Mama akijua ni mimi atakufa, kaka," Mwalimu alinong'ona. "Wewe unamjua. Ameniweka mimi kama akiba."

"Hatajua."

"Atauliza. Akiuliza nitasemaje?"

Godoro alishika ukingo wa kitanda, akajiinua, akapumua.

"Tutasema ni mimi," alisema. "Nani atashangaa?"

*

Kweli, hakuna aliyeshangaa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia mapajani, kisha akasema, "Nilijua. Baba yake mtupu." Akaingia chumbani, akakaa humo kwa muda, akatoka macho mekundu na amri mdomoni. Kuanzia siku hiyo Godoro atakula kabichi ya kuchemsha. Kila alfajiri atakimbia, na atakayemkimbiza ni Mwalimu, kwa kuwa Mungu kamjalia afya.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Godoro, aliyeujua usufi vizuri kwa kazi yake, aligundua kwamba kanda hili lilikuwa la mchanga. Kabichi asubuhi, kabichi mchana. Wateja walikuja kumpa pole kabla hajafa. Muuza vocha alimuuliza, kwa nia njema kabisa, nani atairithi karakana. Lakini yote hayo aliyaweza. Lililomshinda ni mkewe.

Mkewe alikuwa ameacha kumtukana.

"Mume wangu, umelalaje?" alimuuliza asubuhi. "Mume wangu, maji ya kuoga tayari." Hakumwita pipa, wala gunia, wala kiboko aliyekosea njia. Alimwekea mto mgongoni. Siku moja Godoro aliketi makusudi juu ya kofia ya mkewe ya kwendea sherehe, ile ya maua, akangoja radi zake. Mkewe aliitoa chini yake ikiwa bapa kama karatasi, akaikunjua polepole, akasema, "Hakuna neno, mume wangu. Kofia ni kitu tu." Kisha akaenda jikoni na kufungua bomba kwa nguvu, na Godoro akajua analia. Nusura aseme. Alifika mpaka mlangoni. Akakumbuka zile kamba za viatu, akarudi.

Na mbio za alfajiri? Walikimbia mpaka nyuma ya ukuta wa shule, mahali mama asipoweza kuona hata angepanda juu ya bati, wakaketi. Mara ya pili Mwalimu alitoa mfukoni yai la kuchemsha.

"Kula kaka. Najisikia mwizi."

"Wewe ni mwizi. Leta na chumvi." Godoro alilimega, akampa nusu. "Umelala?"

"Kidogo tu. Naota maabara. Naota kinyama kimevaa koti jeupe kinaniita jina."

"Mimi naota nyama ya kweli," Godoro alisema. "Choma."

Mwalimu alicheka, na kicheko kikapinda kikawa kitu kingine, na Godoro akamwekea mkono wake mzito begani mpaka kikaisha. Walizoea kuketi pale. Wakizungumza walizungumzia baba yao, jinsi alivyoficha damu chooni mwaka mzima kwa sababu aliona haya kumwambia daktari. "Alikufa kwa aibu," Mwalimu alisema siku moja. "Saratani ilisaidia tu." Baadaye, kwa kuwa kukaa kuliwachosha, walianza kutembea kidogo, kisha kidogo zaidi, na Godoro akashangaa kuona mkanda wake unahitaji tundu jipya.

*

Siku ya majibu walikwenda wote wawili. Mwalimu alitangulia kwa hatua ndefu mpaka mlango wa daktari, kisha akaganda pale, hagongi wala harudi. Godoro ndiye aliyegonga.

Daktari alifungua bahasha, akaisoma bila haraka, akavua miwani.

"Kilikuwa kinaelekea," alisema. "Hakijafika. Tumekitoa chote, na hakuna saratani. Ungengoja miaka michache tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Utarudi tukuangalie tena kila baada ya muda tutakaokupangia, nyama nyekundu uipunguze, na ndugu zako wote wa tumbo moja waje."

"Ndugu ni mimi tu," Godoro alisema.

"Basi wewe umekwisha kuja."

Mwalimu alitoka nje, akapiga hatua chache, akaketi ukingoni mwa bustani ya hospitali, yeye aliyesema kuketi kunaua. Alikaa hivyo mpaka mtunza bustani akamwomba asogee ili amwagilie maua. Kisha akainuka na kusema, "Twende nyumbani, kaka. Sitaki kukuona unakula kabichi yangu tena."

Walikuta chakula kiko mezani. Mama alikuwa amempikia Mwalimu nyama, sahani iliyojaa, kama shukrani ya kumkimbiza kaka yake. Mbele ya kiti cha Godoro kilikuwa kile cha siku zote, cheupe kijani, kinatoa moshi wa huzuni. Mwalimu hakuketi.

"Mama, shemeji, nina neno. Kaka hakukutwa na kitu. Aliyekutwa na vinyama ni mimi. Vimetolewa, na leo majibu yametoka, ni salama. Yeye alijitwika kwa sababu nilimwomba. Niliogopa."

Mama alimtazama Mwalimu kuanzia kisigino mpaka utosini. Akamtazama Godoro, ambako macho yalikuwa na safari ndefu zaidi. Kisha uso wake ukalainika.

"Mwanangu," alimwambia Mwalimu, "una moyo wa dhahabu. Lakini usijisingizie ugonjwa ili kaka yako ale nyama."

"Mama, ni kweli!"

"Kweli gani? Mimi nina macho."

"Daktari amesema wazi, mama," Godoro aliingilia. "Utumbo wangu ni bomba jipya."

"Nyamaza, kula kabichi."

"Mama, mwili wa baba nimepewa mimi. Utumbo wake kapewa huyu. Chungu kimoja, upawa tofauti, yule binti alituambia!"

"Huyo binti hakumzaa hata mmoja wenu. Nyani haoni kundule, na nyinyi mnataka kunifundisha lenu lilivyo ndani."

Ndugu wawili wakatazamana, wamechoka. Hapo ndipo waliposikia sauti upande wa jikoni. Mkewe Godoro alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Yeye aliamini. Alimtazama shemeji yake, akaona macho yake, akaamini palepale. Kisha akamgeukia mumewe.

"Yaani huumwi?"

"Siumwi, mke wangu."

"Hukuwahi kuumwa?"

"Hata kidogo."

"Na mimi nimelia wiki mbili? Nimekuwekea mito? Umeikalia kofia yangu ya maua, nikakuambia kofia ni kitu tu?" Sauti ilikuwa inapanda ngazi moja baada ya nyingine. "Wewe gunia la uongo! Kiboko usiye na haya! Mlima wa mafuta ulioota masikio! Kofia yangu!"

Mwiko ukampata begani, kisha mgongoni, ambako palikuwa na nafasi. Godoro hakujikinga. Alisimama akipokea, uso umechanua kama mtu aliyesimama kwenye mvua ya kwanza, na mkewe alipochoka kupiga alimwangukia kifuani akamshika kwa mikono yote miwili, ambayo haikufika nyuma.

"Unanuka kabichi," alisema ndani ya shati lake.

Mama alikuwa bado anatikisa kichwa. Mwalimu, ambaye hatimaye alikuwa amevuta kiti, aliitazama sahani ya nyama mbele yake, akaisukuma polepole. Daktari amesema nipunguze, alieleza. Godoro akanyoosha mkono kwa hamu kubwa.

"Na wewe daktari alikuambia nini?" mkewe akamuuliza.

Godoro alisita. Katika nyumba ile uongo haukuwa tena na soko. "Uzito upungue," alikiri.

"Vizuri."

Mkewe akaivuta sahani ya nyama, akaketi kichwani mwa meza, akakunja mikono ya gauni. Kabichi akaigawa nusu kwa nusu, nusu ya mkubwa na nusu ya mdogo. Kisha akaanza kula, bila haraka, mfupa baada ya mfupa, huku ndugu wawili wakimtazama kila tonge linavyopanda.

"Mkwe wangu," mama alisema, akisogeza kiti chake karibu na sahani, "usinimalizie. Na mimi ni mzima."